Siku Saba London kwa Kadi ya Oyster: Uzoefu Wangu

Mwezi Julai 2024 niliondoka Tanga kwenda London kuhudhuria mahafali ya mpwa wangu, kwa kuwa dada yangu, ambaye ndiye mama mzazi, alikuwa anasumbuliwa na goti na ukoo ukaamua kwamba mjomba ndiye aende. Viza peke yake ilikula pauni 115, nauli ya ndege ilitokana na mchango wa ndugu, na nilipoteremka Heathrow nilikuwa na noti chache za pauni mfukoni, kila pauni nikiwa nimeinunua kwa takriban shilingi 3,400. Kijana anaishi na mwenzake katika chumba ambacho mgeni wa tatu angelala amesimama, hivyo nilikuwa nimelipia kitanda katika hosteli moja mtaa wa Whitechapel, mashariki mwa jiji, chumba cha watu sita chenye vitanda vya dabodeka. Kuhusu hosteli sina mengi ya kusema: shuka zilikuwa safi, bafuni kulikuwa na foleni, na kabati halina kufuli, la kuja nalo ni lako. Ninachotaka kukieleza kwa kirefu ni kadi ya Oyster, ile unayoitia salio na kulipia nauli za treni na mabasi ya London, kwa sababu ndiyo iliyoamua kama fedha zangu zingefika siku ya saba au zingekatika siku ya tatu.

Mpwa wangu alinipokea uwanjani, akaniamkia, kisha kabla sijauliza chochote akasema, "Mjomba, teksi usiitazame, na ile treni ya haraka usiisogelee." Treni hiyo ya haraka nauli yake ilikuwa pauni 25, yaani shilingi 85,000 kwa safari ya robo saa, fedha ambazo kwetu zinamtoa mtu stendi ya Kange, Tanga, hadi Dar es Salaam na kumrudisha. Akanipeleka kwenye mashine ya tiketi, nikaingiza noti, ikatoka kadi ya buluu ya ukubwa wa kitambulisho. Kadi yenyewe iliuzwa pauni 7, na hizo hazirudi. Juu yake nikaongeza salio la pauni 20. Tukapanda treni ya kawaida ya njia ya Piccadilly, tukabadilisha Hammersmith kwa kuvuka jukwaa tu, tukaingia ya njia ya District hadi Whitechapel. Safari nzima ilizidi saa moja, na kadi ilikatwa pauni 5 na senti 60.

Wengi wataniuliza kwa nini ununue kadi ilhali mashine zile zile unazogusisha Oyster getini na kwenye basi zinapokea kadi ya benki ya kugusisha, tena kwa nauli ile ile. Kwa mwenyeji hoja hiyo ni sahihi. Kwa mtu anayetumia akaunti ya shilingi, kila mguso ni muamala wa fedha za kigeni, na benki yangu hujikatia chake kila inapobadilisha fedha. Zaidi ya hilo, Oyster hujazwa kwa noti, na salio lake unalisoma kwenye kioo cha mashine ya stesheni wakati wowote. Ni kama umeme wa LUKU: unatia kidogo, unatumia, unajua kilichobaki, na zikiisha hakuna deni linalokusubiri nyumbani.

Nguvu halisi ya kadi hiyo, hata hivyo, haiko kwenye treni bali kwenye basi. Mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu mwaka 2014, kwa hiyo asiye na kadi hapandi hata akiwa na noti mkononi. Nauli ilikuwa pauni 1 na senti 75, iwe unashuka kituo cha pili au unakwenda mpaka mwisho wa njia. Ukishagusa mara ya kwanza, unaruhusiwa kupanda basi lingine na lingine ndani ya saa moja bila kukatwa tena. Hapa pana jambo ambalo nililielewa siku ya pili: saa hiyo huhesabiwa tangu mguso wa kwanza hadi unapopanda basi la mwisho, si hadi unapofika. Kwa hiyo asubuhi moja nilipanda namba 205 Whitechapel, likajikokota kwenye foleni ya magari hadi Barabara ya Euston, nikashuka karibu na stesheni ya Warren Street, nikadandia namba 24 katika dakika ya hamsini na kitu, nikafika Trafalgar Square na nauli ni ile ile moja. Na ukipanda mabasi peke yake siku nzima, makato yalikuwa yakisimama yakifika pauni 5 na senti 25, yaani nauli tatu. Safari ya nne na kuendelea ilikuwa bure. Nilipolijua hilo nikawa napanda basi kama mtu aliyealikwa.

Namba 24 nampendekezea kila mgeni asiye na fedha za mabasi ya watalii. Linatoka Pimlico, linapita Bunge, Trafalgar Square na Camden Town hadi kwenye mbuga ya Hampstead Heath, na ukiwahi kiti cha mbele ghorofa ya juu unauona mji wote mbele yako kama mtu aliyekaa barazani. Pale Trafalgar Square nilishuka nikaingia National Gallery, ambayo haina kiingilio, kama ilivyo British Museum. Asiyelipa mlangoni na asiyelipa nauli zaidi ya tatu anabakiwa na swali moja tu, nalo ni chakula.

Chakula nilikipata Whitechapel penyewe. Kando ya barabara kuu kuna soko la mezani ambako matunda na mboga hupangwa katika mabakuli na kuuzwa kwa bakuli, mengine pauni moja moja, na mimi niliyezoea kununua kwa fungu soko la Mgandini, Tanga, sikuhitaji kufundishwa. Maembe, ndizi, nyanya na mkate vilinitosha mchana, na maji nilikinga bombani, kwani yanafaa kunywewa. Jioni nilipika jikoni hosteli. Jambo lililonitatiza ni jua la Julai, ambalo lilikuwa linatua baada ya saa tatu usiku, na tumbo la Mtanga halijui kula chakula cha usiku mchana.

Kosa langu kubwa lilitokea siku ya nne nilipokwenda Greenwich. Nilipanda treni nyepesi ya DLR stesheni ya Shadwell, nikagusa kadi jukwaani kama inavyotakiwa, na nilipofika Cutty Sark nikatoka na umati. Stesheni nyingi za DLR hazina mageti. Hakuna kinachokuzuia kutoka na hakuna anayekukumbusha, lakini usipogusa wakati wa kutoka, mashine haijui ulikoshukia, na hukukata nauli ya juu kabisa, ambayo wala haihesabiwi katika kikomo cha makato ya siku. Kwenye basi unagusa mara moja tu, kwenye treni mara mbili, na mimi nilikuwa nimeshazoea basi. Nilijilaumu njia nzima. Kurudi nilikataa kupanda chochote: nikaingia njia ya waenda kwa miguu iliyochimbwa chini ya mto Thames na kufunguliwa mwaka 1902, nikatokea ng'ambo ya pili bila kulipa, kisha nikatafuta basi.

Kasoro nyingine ni za kawaida. Kadi moja ni ya mtu mmoja kwa safari, kwa hiyo familia ya watu wanne inahitaji kadi nne, na pauni 7 za wakati ule mara nne hazikuwa fedha za kutupa. Mgeni wa siku moja hawezi kuirudisha thamani yake. Tena basi ni la mwenye muda. Siku ya mahafali nilikuwa nimevaa kanzu na koti, sherehe ilikuwa saa nne asubuhi, na sikuthubutu kulitegemea. Nilipanda treni ya chini ya ardhi katika saa za msongamano, ambazo nauli yake hupanda, nikalipa bila kunung'unika.

Kwa ujumla wa siku zile saba nilijaza salio mara tatu, na mara zote kwa noti. Salio lisilozidi pauni 10 mashine ya stesheni inaweza kukurudishia kabla hujaondoka. Mimi nilibakiwa na pauni 4 na ushei, nikazirudisha Tanga ndani ya kadi, kwa kuwa salio hilo haliishi muda wake. Kadi sasa imo ndani ya droo ya dada, Ngamiani. Goti limepata nafuu, na wiki iliyopita aliniuliza ile basi yenye kiti cha mbele juu ni namba ngapi.