Couch to 5K kwa mwili mzito: wiki 9 zilizoandikwa, wiki 13 zinazowezekana

Kama una kilo 90 au zaidi, na kila ukijaribu kukimbia unaishia dakika ya pili umeshika kiuno, mpango huu unakufaa. Ila usiufuate neno kwa neno. Nimeumaliza mara mbili hapa Dar es Salaam, na naandika yale ambayo sauti ya kwenye simu haikuambii.

Couch to 5K, yaani kutoka kwenye kochi hadi kilomita 5, ulitungwa mwaka 1996 na Mmarekani Josh Clark, akiwa na nia ya kumwinua mama yake aliyekuwa na umri wa miaka hamsini na kitu. Ni siku 3 kwa wiki, nusu saa kwa siku, wiki 9. Mimi nilitumia programu ya simu ya NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza. Ni ya bure, na sauti inakuelekeza lini ukimbie na lini utembee. Sauti hiyo ni ya Kiingereza, lakini hilo si kikwazo: chukua saa, washa kinasa sauti cha simu, sema "kimbia" na "tembea" kwa vipindi vinavyotakiwa, kisha sikiliza rekodi yako ukiwa barabarani. Kazi ya dakika 30, na inakuhudumia wiki nzima.

Kila siku inaanza kwa kutembea haraka dakika 5. Wiki ya 1 unakimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90, mara 8. Wiki ya 2 ni sekunde 90 za kukimbia na dakika 2 za kutembea, mara 6. Wiki ya 3 ni sekunde 90 kukimbia, sekunde 90 kutembea, dakika 3 kukimbia, dakika 3 kutembea, na yote hayo unarudia mara 2. Wiki ya 4 unakimbia dakika 3, kisha 5, kisha 3, kisha 5, ukitembea kidogo katikati.

Hapo wiki ya 4 ndipo penye tatizo, na hesabu inaonyesha. Jumlisha dakika za kukimbia tu: wiki ya 1 ni 8, ya 2 ni 9, ya 3 ni 9, ya 4 ni 16. Mzigo unakaribia kuwa mara mbili ndani ya siku chache. Mapafu na moyo vinakubali, kwa sababu vinazoea mazoezi upesi. Mifupa ya ugoko na mishipa ya nyuma ya kisigino huchelewa zaidi, na kwa mtu wa kilo 95 kila hatua inatua na uzito mkubwa kuliko wa yule ambaye mpango unamdhania. Ndiyo maana wengi wanaacha wiki hiyo wakidhani wameshindwa kwa uvivu, kumbe miguu haikupewa muda.

Marekebisho ninayoyapendekeza ni haya. Kabla ya wiki ya 1, tembea haraka dakika 30 kwa siku 4 za wiki, kwa wiki 2. Kati ya wiki ya 3 na ya 4 chomeka wiki ya daraja: kimbia dakika 3, tembea dakika 2, mara 4, ambapo unapata dakika 12 za kukimbia. Kisha wiki ya 5 uifanye mara 2. Jumla zinakuwa wiki 13, na hakuna anayekupigia filimbi.

Wiki ya 5 inatisha kwa sababu nyingine. Siku ya kwanza ni dakika 5 mara 3, ya pili ni dakika 8 mara 2, ya tatu ni dakika 20 mfululizo bila kutembea hata kidogo. Ukiitazama kwenye karatasi unaona haiwezekani. Lakini mzigo wake ni dakika 20 dhidi ya 16 za siku iliyotangulia, si mruko mkubwa kama ule wa wiki ya 4. Kinachoiharibu ni mwendo. Mtu anaingia akiwa na hofu, anakimbia haraka ili ziishe, na dakika ya 6 pumzi imekata.

Kuhusu mwendo, tuna kipimo chetu wenyewe ambacho ni bora kuliko saa yoyote ya mkononi: mchakamchaka. Wanafunzi na vijana wa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) wanaokimbia huku wakiimba na kuitikia hawakimbii haraka, na wala hawawezi, kwa sababu asiye na pumzi haimbi. Huo ndio mwendo unaotakiwa. Jaribu kusema kwa sauti jina lako, mtaa unaotoka na unakokwenda, bila kukatika katikati. Ukikatika, punguza. Kwa mtu mzito anayeanza, mwendo huo unaangukia dakika 8 hadi 9 kwa kilomita, na wapo wengi watakaokupita. Waache wapite. Hatua ziwe fupi na za haraka, mguu utue chini ya mwili wako. Ukiurusha mbali mbele, kila kutua kunakuwa breki inayopiga goti na ugoko.

Sasa niseme ukweli kuhusu jina la mpango. Unamalizika wiki ya 9 kwa dakika 30 za kukimbia, si kwa kilomita 5. Kwa mwendo wa dakika 8 na nusu kwa kilomita, dakika 30 zinakufikisha kilomita 3.5 tu. Hujadanganywa wala hujafeli. Umbali unaongezwa baadaye, nitafika huko.

Maumivu ya ugoko, upande wa ndani, ni malalamiko ya kawaida sana. Yakiwa yametawanyika kwenye mfupa na yanapungua mwili ukipata joto, pumzika siku 3, rudia wiki iliyopita, na kila siku simama kwenye ngazi kwa ncha za miguu, panda na kushuka polepole mara 15, mizunguko 3. Yakiwa sehemu moja unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole, yanauma hata ukitembea au usiku ukilala, acha kukimbia na uende hospitali, kwani huenda mfupa umeanza kupata ufa.

Viatu havihitaji kuwa vipya. Vya mtumba pale soko la Karume vinatosha, mradi ujue kuvikagua. Kikunje: kijikunje penye vidole. Kikikunjika katikati kama chapati, kiache. Tazama sponji ya pembeni, ikiwa na mikunjo mingi ya kulala imeshakufa hata kama juu kinang'aa. Viweke viwili juu ya meza na uvitazame kwa nyuma. Kilichoinama upande mmoja kimebeba mwendo wa mtu mwingine, na kitakuinamisha na wewe. Nenda jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uache nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya kidole kirefu.

Mapaja kuchubuka kunawakatisha tamaa watu wengi kuliko wanavyokiri. Paka mafuta ya mgando kwenye mapaja, kwapani na chini ya matiti, vaa taiti inayofika karibu na magoti, na uepuke fulana ya pamba, kwa sababu ikilowa jasho inageuka msasa. Kwa wanawake, sidiria ya michezo ni lazima. Wanaojitanda wachague kitambaa chepesi kinachokauka haraka.

Joto la Dar kuanzia Desemba hadi Machi linabadilisha kila kitu. Hewa ikiwa na unyevu, jasho halikauki, mwili haupoi, na moyo unapiga kasi kwa mwendo uleule. Toka saa 11:30 alfajiri, kunywa glasi moja ya maji kabla, na siku ya joto kali punguza mwendo badala ya kulazimisha. Mwezi wa Ramadhani wengi wanafanikiwa kwa kukimbia nusu saa ya mwisho kabla ya kufuturu, au baada ya tarawehe. Barabarani kimbia upande wa kulia ili uone magari na bodaboda yanayokuja mbele yako, na ukikutana na mbwa simama, usikimbie. Tembea taratibu bila kumpa mgongo.

Tufike kwenye sahani, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaupa mpango lawama isiyo yake. Kukimbia kunatumia takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 95 akikimbia kilomita 3.5 ametumia kama 330. Chapati moja ya kusukuma iliyokaangwa vizuri inafika 250 hadi 300. Soda ya mililita 350 ni kama 140. Karanga za kukaanga gramu 50, zile unazonunua ukisubiri daladala, ni karibu 290. Yaani nusu saa ya jasho inafutwa kabla hujafika kazini, na bila wewe kushiba.

Kwa hiyo usianze kwa kujinyima ugali. Anza na visivyoonekana. Mafuta ya kupikia: kijiko kikubwa kimoja ni kilokalori 120, na anayemimina kwa macho kutoka kwenye dumu anamwaga vijiko 5 au 6 kwenye mboga ya watu wanne. Pima kwa kijiko. Nazi: pika mchicha na maharage kwa tui jepesi, tui zito liwe la siku ya wageni. Chai: vikombe 4 kwa siku, vijiko vidogo 3 kila kikombe, ni karibu gramu 48 za sukari, kilokalori 190 hivi. Shuka kijiko kimoja kila wiki 2, ulimi unazoea. Baada ya hapo ndipo uangalie wanga: kipande cha ugali kiwe sawa na ngumi yako, wali usizidi robo ya sahani, na nafasi iliyobaki ijazwe na maharage, dagaa, samaki na mboga za majani. Ukitoka kukimbia kula mayai au maharage asubuhi hiyohiyo. Asiyefanya hivyo hukutwa na njaa ya saa 10 jioni, na njaa ya saa hiyo haitafuti mchicha, inatafuta chipsi mayai.

Mizani pia inahitaji nidhamu. Wiki 2 za kwanza inaweza kupanda, kwa sababu misuli iliyoanza kazi inashika maji. Wanawake wataona mabadiliko mengine ya maji kulingana na siku za mwezi. Pima asubuhi ukitoka chooni, kabla ya kula, mizani ileile, siku 3 kwa wiki, kisha uchukue wastani. Mizani ya duka la dawa, leo umevaa jinzi na kesho dera, haikupi habari yoyote. Futi ya fundi cherehani inasema kweli zaidi: izungushe usawa wa kitovu, baada ya kutoa pumzi, mara moja kila wiki 2. Kupungua nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri.

Kuna kikwazo kingine ambacho programu ya Uingereza haiwezi kukijua. Ukipungua kilo 5, watu wataanza kuuliza: "Umekonda, unaumwa?" Au wataulizana wenyewe kama kuna msongo nyumbani. Kwetu unene bado unasomwa kama dalili ya kutunzwa, na mwenza wako anaweza kuumia kwa maneno hayo kuliko wewe. Mweleze mapema, wiki ya kwanza, na umwombe awe mtu wa kupima mafuta jikoni au wa kushika futi. Anayejua hesabu haogopi maneno ya jirani.

Mwenye presha asiyejua imefika ngapi aipime kwanza. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenclamide aongee na daktari kabla ya kuanza, apime sukari kabla ya kutoka, na abebe glukosi au sukari mfukoni, kwani sukari inaweza kushuka hata saa kadhaa baadaye. Maumivu ya kifua, au kizunguzungu kinachoendelea hata ukiacha kukimbia, ni mwisho wa zoezi siku hiyo na mwanzo wa safari ya hospitali. Magoti yanayouma tangu kabla ya mpango yanahitaji wiki nyingi zaidi za kutembea.

Ukimaliza wiki ya 9, usiongeze mwendo na umbali kwa pamoja. Baki na siku 3. Siku 2 ziwe dakika 30 kama kawaida, na siku ya tatu, labda Jumamosi kwenye Daraja la Tanzanite ambako kuna upepo wa bahari, ongeza dakika 3 kila wiki. Kwa mwendo wa dakika 8 na nusu, kilomita 5 zinahitaji dakika 42 na nusu, kwa hiyo utazifikia ndani ya wiki 5.