Fiwi au desmodiamu kati ya mabingobingo?

Kwa mfugaji wa Magu au Misungwi aliyepanda mabingobingo (majani marefu ya malisho) kwa mistari iliyoachana mita 1, fiwi, mmea wa jamii ya kunde, huleta lishe mapema. Fukia mbegu sentimita 3. Baada ya miezi 3 hivi unakata. Huvumilia ukame, ila ukiikata hadi ardhini haichipui. Inyaushe kabla ya kulisha, isije ikamjaza ng'ombe gesi.

Desmodiamu, nayo ya jamii ya kunde, ndiyo ya kudumu, miaka kadhaa, na tanini zake (kemikali za asili zilizo kwenye majani) huzuia gesi hiyo. Ugumu uko mwanzoni: mbegu ni ndogo mno, ikizama zaidi ya sentimita 1 haioti. Ichanganye na mchanga mkavu, palilia mapema. Mbolea ya yurea nyingi usiweke. Mabingobingo yatakua haraka, yaipite desmodiamu na kuinyima mwanga.