Programu ya kuhariri video inajifunga kila mara? Mpangilio wa kununua kwa wahariri wa Mwanza

Mtu akiniambia programu yake ya kuhariri inajifunga na anataka kununua mashine mpya, huwa namuuliza kwanza: inajifungaje? Jibu lake ndilo linaloamua pesa iende wapi. Wapiga video wengi wa hapa Mwanza wanaishi kwa harusi, sendofu, kipaimara na video za wasanii wa nyimbo za Kisukuma, na mteja wa Jumamosi anataka kipande cha kurusha kwenye magrupu Jumapili jioni. Kwa presha hiyo ni rahisi kushuka mjini na kununua kitu cha kwanza unachooneshwa. Mpangilio huu nimeupanga kwa kipimo kimoja tu: kwa pesa unayotoa, ni usumbufu kiasi gani unaondoka.

Soma dalili kabla ya kutoa pesa

Programu ikijifunga yenyewe kila ukifika sehemu ile ile ya taimlaini (pale unapopanga klipu), mara nyingi tatizo ni klipu au efekti iliyopo pale, na huhitaji kununua chochote. Klipu za simu ndizo zinazoongoza. Simu hupandisha na kushusha idadi ya fremu kwa sekunde kadiri mwanga unavyobadilika, na programu kadhaa za kuhariri hazielewani na hali hiyo: sauti inaachana na mdomo, au programu inaanguka. HandBrake ni programu ya bure ya kugeuza video. Ipitishie klipu hizo, chagua fremu zisizobadilika, kisha ndiyo uziingize kwenye mradi. Kama unarekodi na iPhone, ingia kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya Formats, uchague Most Compatible. Kwa rekodi za kawaida simu itatumia H.264, namna ya kubana video ambayo mashine ya zamani inaimudu kuliko ile mpya ya HEVC.

Mashine nzima ikiwa nzito hadi kipanya kinastaki, shuku RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine) au diski. Skrini ya bluu inaweza kutokana na RAM mbovu, draiva au diski inayokufa. Ikizima ghafla katikati ya kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, bila ujumbe wowote, hapo ni joto au umeme. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua Task Manager, iache wazi pembeni huku unafanya kazi. Ukiona Memory imepanda juu ya asilimia 90 dakika chache kabla ya kuganda, umeshapata jibu. Ukiona Disk imeganda kwenye asilimia 100 huku RAM ina nafasi, jibu ni diski.

Halafu kuna usafi, na hapa wa mwambao wa ziwa tuna adha yetu. Fungua mfuniko wa chini wa laptopu iliyofanya kazi mwaka mzima Kirumba au Igombe bila kusafishwa. Kati ya feni na mapezi ya kupoozea utakuta tabaka la vumbi lililoshikana na mabawa ya wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaofuata mwanga wa skrini usiku dirisha likiwa wazi. Hewa haipiti kabisa. Prosesa nyingi hujipunguza kasi zikikaribia nyuzi joto 95 hadi 100, na joto likizidi hapo mashine inajizima ili isiungue. Fundi atoe feni, asafishe, aweke pasta mpya ya joto juu ya prosesa. Kazi hiyo ni ya bei ndogo kuliko kitu chochote kwenye orodha hii, kwa hiyo sijaipa namba. Ifanye kwanza.

1. RAM

Hii ndiyo namba moja, na kwa mwenye mashine ya GB 4 au 8 sioni mjadala. Adobe wenyewe wanataja GB 8 kuwa kiwango cha chini cha Premiere Pro, na wanapendekeza 16 kwa video za HD na 32 kwa 4K. Blackmagic, watengenezaji wa DaVinci Resolve, wanataka 16, na 32 kwa anayetumia Fusion, sehemu yake ya efekti. Ukiwa na GB 8, Windows imeshachukua sehemu yake, kivinjari kiko wazi, WhatsApp nayo iko wazi. Programu inabaki na kidogo mno. Kutoka 8 kwenda 16 ndiko kunakoondoa migando mingi kwa pesa kidogo.

Kabla hujatoka nyumbani, angalia Task Manager, kichupo cha Performance, sehemu ya Memory. Itakuonesha kasi ya RAM iliyopo na nafasi ngapi zimetumika kati ya zilizopo. Iandike. RAM ya kizazi cha DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, pengo la kwenye meno yake liko mahali tofauti, na ya laptopu ni fupi kuliko ya deskitopu. Kwa laptopu nyingi za Intel za kizazi cha nne, tafuta kwenye stika herufi L baada ya DDR3: hiyo ni ya volti 1.35, na laptopu nyingi za aina hiyo hazikubali ile ya 1.5. Laptopu nyembamba nyingine zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi, haziongezeki. Kwa hizo, ruka hadi namba nne.

Nunua mbili za GB 8 badala ya moja ya 16 kama nafasi ni mbili. Zikikaa pamoja zinafanya kazi kwa njia mbili kwa wakati mmoja (dual channel), na grafiki za Intel zilizo ndani ya prosesa zinaazima RAM hiyo hiyo, kwa hiyo faida inaonekana hata kwenye taimlaini. RAM iliyotumika ni sawa kununua, mradi ipimwe. Washa Windows Memory Diagnostic, au MemTest86 kwenye fleshi, uiache imalize mzunguko. Kosa moja tu likitokea, rudisha. RAM yenye kosa ni mbaya kuliko RAM ndogo, maana itakuharibia mradi kwa namna ambayo hutaielewa.

Duka likikataa kupima au kukuruhusu urudishe, nenda la jirani. Kuagiza Kariakoo ipakiwe kwenye basi kunaweza kupunguza bei, ila mzigo ukishafika Nyegezi au Nyamhongolo, kuurudisha ni gharama na siku nyingine zimepotea. Kwa RAM na kadi za grafiki mimi ningenunua hapa hapa, mbele ya macho, na risiti ya EFD mkononi.

2. SSD

Diski ya kuzunguka ya laptopu husoma takribani megabaiti 100 kwa sekunde ikiwa na afya. SSD, diski isiyozunguka, ya aina ya SATA inafika karibu 550, na za kawaida za NVMe, aina mpya zaidi, zinapita 2,000. Kasi hiyo peke yake inaondoa ile hali ya programu kusema haijibu huku wewe unasubiri. Lakini kinachoangusha programu hasa ni diski C kujaa. Premiere inaweka kashe yake (faili za muda) C isipoambiwa vinginevyo, Windows nayo inatumia C kama RAM ya akiba. Ikibaki nafasi ndogo, vyote viwili vinakosa pumzi na programu inaondoka.

Usishuke chini ya GB 512. Angalia mashine yako inapokea umbo gani, maana M.2 (SSD za umbo la kadi nyembamba) ya SATA na M.2 ya NVMe zinafanana kwa mbali lakini bodi nyingine inapokea aina moja tu. Jihadhari na SSD za nje zinazouzwa zikiwa zimeandikwa TB 16 kwa bei ya chakula cha mchana cha watu watatu. Ndani yake mara nyingi kuna fleshi ndogo iliyodanganywa ukubwa. Programu ya bure iitwayo H2testw inaijaza diski nzima na kusoma tena, na uongo unaonekana. Laptopu yenye sehemu ya DVD isiyotumika inaweza kubeba diski ya zamani kwenye nafasi hiyo, SSD ikakaa mahali pa diski. Weka Windows, programu na mradi unaoendelea kwenye SSD, harusi zilizokwisha kabidhiwa zikae kwenye diski kubwa.

3. UPS, kwa mwenye deskitopu

UPS ni kisanduku chenye betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika. Nimeipa nafasi ya juu kuliko kadi ya grafiki kwa makusudi. Umeme ukikatika au ukishuka ghafla wakati programu inaandika faili la mradi, faili linaweza kuharibika, na baada ya hapo kila ukilifungua programu inaanguka. Mtu analaumu programu miezi mizima kumbe kilichoharibu ni usiku mmoja.

Usidanganywe na VA, ile namba kubwa inayoandikwa kwenye kasha; kinachohesabika ni wati. UPS ya 650VA mara nyingi inabeba wati 360 hadi 390 tu, na inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima, basi. Hiyo inatosha kwa kompyuta ya ofisi na skrini moja. Mwenye kadi kubwa ya grafiki achukue 1000VA au zaidi. Chagua yenye kurekebisha volti yenyewe, maana mitaa mingi volti inacheza jioni. Betri ya ndani hudumu miaka miwili hadi minne na inabadilishwa. Uliza kama betri yake ni ya saizi ya kawaida kabla ya kulipa. Printa ya leza usiichomeke humo.

Mwenye laptopu tayari ana UPS yake, yaani betri. Ikiwa imekufa na mashine inazima ukigusa chaja, kununua betri ndiyo namba tatu yako.

4. Deskitopu iliyotumika ofisini

Kama mashine haiongezeki tena, hapa ndipo ningepeleka pesa kabla ya kufikiria laptopu ya gemu. Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre zilizotoka maofisini zina nafasi ya RAM, zinapoa vizuri na vipuri vyake ni vingi.

Sharti langu ni Intel kizazi cha nane kwenda juu. Soma namba baada ya kistari: i5-8500 ni ya nane, i5-7500 ni ya saba. Tofauti ni kubwa. Ile ya saba ina koa (vitengo vya kuchakata ndani ya prosesa) nne, ya nane ina sita. Tena Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikubali rasmi Intel kuanzia kizazi cha nane. Ukinunua ya chini ya hapo unanunua mashine ambayo mlango umeshafungwa.

Mtego mkubwa ni mashine zenye prosesa za Intel ziitwazo Xeon. Utaoneshwa HP Z440 yenye RAM ya GB 64, bei nzuri, na muuzaji atasema ndiyo mashine ya video. Xeon zake hazina grafiki ndani, kwa hiyo hazina ule msaada wa Intel wa kufungua H.264 na HEVC. Kama kadi iliyomo ni ya zamani, klipu ya simu itaibana mashine hiyo kuliko i5 ya bei nusu. Prosesa zenye herufi F mwishoni, kama i5-9400F, nazo hazina grafiki ndani. Ukizitaka, hesabu na bei ya kadi.

Nenda dukani na fleshi yenye mradi wako unaosumbua na klipu zake. Ifungue pale, renda dakika tano, shika sehemu ya nyuma usikie joto. Muuzaji mwenye mashine nzima hatakukatalia.

5. Kadi ya grafiki

Inapanda hadi namba moja kwa mtumiaji wa Resolve anayeona ujumbe kwamba kumbukumbu ya GPU, yaani ya kadi hiyo, imejaa. Kwa wengine isubiri. Tafuta yenye kumbukumbu ya GB 4 au zaidi. GTX 1050 Ti na matoleo mengi ya GTX 1650 hutumia wati 75 na hayahitaji waya wa ziada wa umeme, yanafaa kwenye deskitopu za ofisi. Ila kasha dogo linataka kadi ya kimo nusu (low profile), kwa hiyo pima kabla. Achana na za kizazi cha Kepler, kama GTX 650 na 660, ambazo NVIDIA iliacha kuzitolea draiva mpya za kawaida mwaka 2021.

Kadi bandia zipo sokoni: kadi ya zamani kabisa iliyoandikwa upya ndani ijitambulishe kama 1050 Ti. Fungua GPU-Z pale dukani. Kwa kadi nyingi za aina hiyo itaandika neno FAKE yenyewe. Ukishaifunga, weka draiva ya NVIDIA inayoitwa Studio.

6. Leseni ya programu

Iko mwisho kwa sababu programu nzuri za bure zipo. Resolve ya bure inatoa video hadi 4K ya UHD, Kdenlive na Shotcut zinakwenda kwenye mashine dhaifu, na zote tatu zinatengeneza nakala nyepesi za klipu za kuhariria. Nakala za Premiere zilizokrakiwa ziache. Faili zake zimechezewa, mara nyingi zinakuja na virusi, na hakuna wa kumuuliza zikianguka.

Ukianza kulipwa vizuri, Resolve Studio ni dola 295 mara moja, na ufunguo wake unafanya kazi kwenye kompyuta mbili. Premiere ni ya kulipia kila mwezi au mwaka, na ina maana zaidi kama unashirikiana na watu wanaoitumia. Vyovyote utakavyochagua, usipandishe toleo kazi ya mteja ikiwa katikati: mradi wa Resolve ukishafunguliwa kwenye toleo kubwa jipya haurudi kwenye la zamani, kwa hiyo hamisha nakala ya mradi pembeni kwanza.