Upasuaji wa ncha ya mzizi wa jino Dar: pale pesa inapoenda kihalali

Jino likishatibiwa mzizi, likavikwa taji, halafu usaha ukarudi na kipele kikatokeza kwenye ufizi, wagonjwa wengi huambiwa waling'oe. Ipo njia nyingine ya kuliokoa: daktari anafungua ufizi, anakata ncha ya mzizi yenye maambukizi na kuuziba mzizi kutokea nchani. Kwa jino linalostahili, ni huduma bora kuliko pengo, daraja au jino la kupandikiza. Kwa jino lisilostahili ni hasara tupu, na anayeuza huduma bila kukwambia jino lako liko kundi gani hafai kulipwa.

Kwa hiyo tunaanza kuipima kliniki kabla kisu hakijashikwa. Swali la kwanza ni kwa nini matibabu ya mzizi yalishindwa. Kama dawa iliishia nusu ya mzizi, au mfereji mmoja, yaani njia nyembamba ndani ya mzizi, uliachwa (gego la kwanza la juu mara nyingi lina minne, na wa nne hupitwa kwa urahisi), suluhisho lake ni kurudia matibabu kwa kupitia juu ya jino. Ukikata ncha peke yake, uchafu unabaki ndani na utatafuta njia ya kutokea. Upasuaji una nafasi yake pale pini ya chuma inapoziba njia, faili, kile kifaa chembamba cha kusafishia mfereji, inapokuwa imevunjikia nchani, au uvimbe unapokataa kupona baada ya kurudia matibabu vizuri. Taji linalovuja na kuoza chini yake lishughulikiwe kwanza.

Kuna kipimo kidogo kinachotutambulisha daktari makini: anazungusha kijiti cha kupimia ufizi kulizunguka jino zima, milimita kwa milimita. Kikisoma 2, 3, 2, kisha ghafla sehemu moja nyembamba kikazama hadi 9, mzizi huenda umepasuka kwa wima. Mzizi uliopasuka hivyo hauokolewi kwa kukata ncha.

Picha nayo isiwe eksirei bapa pekee. Picha ya CBCT, yaani eksirei ya pande tatu, ya eneo dogo inaonyesha umbali wa mzizi na uwazi wa sinasi juu (nafasi yenye hewa ndani ya mfupa wa shavu), au na neva inayotokeza karibu na magego madogo ya chini. Neva hiyo ikiguswa, mdomo wa chini na kidevu vinaweza kufa ganzi kwa miezi, au moja kwa moja. Mgonjwa aambiwe hatari hii kabla hajasaini.

Chumba cha upasuaji ndipo njia ya kisasa inapoachana na ya zamani. Zamani mfupa ulitobolewa tundu la milimita 8 hadi 10, mzizi ukakatwa mshazari wa nyuzi 45 ili daktari aone, kisha ukazibwa kwa amalgamu, ule mchanganyiko wa metali wa kuzibia meno. Mshazari ule uliacha vijifereji vingi wazi na kukosa mfereji wa upande wa ndani. Leo tundu huwa milimita 4 hivi. Ncha hukatwa milimita 3, kwa pembe ya karibu nyuzi 90 na mhimili wa mzizi, kwa sababu matawi mengi ya mfereji yamejaa kwenye hizo 3 za mwisho. Kisha sehemu iliyokatwa hupakwa rangi ya bluu ya methilini na kukaguliwa chini ya darubini: rangi inashika kwenye nyufa na kwenye ule mstari mwembamba unaounganisha mifereji miwili. Hapo ncha ya altrasoniki, inayotetemeka kwa kasi kubwa, inachimba milimita 3 kuufuata mfereji, na shimo linajazwa MTA (saruji ya meno inayoshika hata penye unyevu) au saruji ya bioseramiki.

Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta mafanikio ya asilimia 59 kwa njia ya zamani na 94 kwa hii. Tofauti hiyo inatoka kwenye hatua zote kwa pamoja. Darubini iliyofunikwa nailoni pembeni haimsaidii mgonjwa, na miwani ya kukuzia pekee haitoshi kukagua ncha ya mzizi.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni damu. Ikijaa kwenye tundu, daktari haoni, na MTA inasombwa kabla haijashika, maana huchukua saa kadhaa kuwa ngumu. Ganzi iwe na adrenalini, ipewe muda ifanye kazi, na vipamba vya kuzuia damu vihesabiwe vikiingia na vikitoka. MTA ya unga ikishafunguliwa hunyonya unyevu, na kwa hewa ya Dar pakiti iliyoachwa wazi si ya kumwekea mtu. Uliza pia umeme ukikatika wanafanyaje. Darubini na altrasoniki havisubiri jenereta itafutiwe mafuta. Nyama iliyokwanguliwa iende maabara ndani ya fomalini, dawa ya kuihifadhi, isitupwe kwenye ndoo.

Gharama tunataka ziandikwe mojamoja: picha, upasuaji, saruji, maabara, kutoa nyuzi na picha za ufuatiliaji. Iandikwe pia utalipa kiasi gani kama ufa utagundulika katikati ya kazi na jino likang'olewa. Kliniki inayokwepa hilo tunaipunguzia alama nyingi. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu au za mifupa aseme mapema, na asiziache kwa uamuzi wake.

Siku hiyo usirudi nyumbani kwa bodaboda. Barafu ya dukani ifunge kwenye leso, weka shavuni dakika 20, pumzisha 20. Uji uwe wa vuguvugu, supu ya moto isubiri, na usivute mdomo kuangalia mshono. Uvimbe hufikia kilele siku ya 2 au ya 3, kisha hushuka. Ukizidi kupanda na homa ikaja, rudi. Nyuzi nyembamba za mshono, za saizi 5-0 au 6-0, hutolewa kati ya siku ya 3 na ya 7.

Maumivu kuisha hakuthibitishi kwamba mfupa umepona. Picha ya miezi 6 iwekwe kando ya ile ya siku ya upasuaji, kivuli cheusi kiwe kimepungua, kisha irudiwe mwaka ukitimia. Omba nakala zote kwenye simu yako, ukihamia kwa daktari mwingine uwe nazo.