Kamera ya kwendea msakoni: ipi ununue kwanza Unguja na Pemba

Nguruwe akitimuliwa na mbwa uwandani haonekani muda mrefu. Kichaka kinatikisika, mnyama anakatiza mwanya kati ya mawe, basi. Zinabaki sauti za mbwa upande wa pili. Aliyeshika kamera alikuwa na sekunde tatu au nne. Kwa hiyo sizipangi kamera hizi kwa maandishi ya 4K (video yenye nukta nyingi, karibu mara nne ya Full HD ya kawaida) yaliyobandikwa kwenye boksi. Ninazipanga kwa mambo manne: inawaka upesi? Inavuta mbali kwa lenzi yenyewe? Picha inatulia ukiwa unarukaruka juu ya mawe? Na inasikia vizuri?

Walengwa ni wasasi wanaotoka na mbwa, mikuki na nyavu kulinda mihogo na viazi, wale wachache wenye bunduki za kibali, na vijana wanaotaka kuweka kumbukumbu ya kazi ya wazee wao. Hili la mwisho ndilo linalonigusa zaidi. Namna ya kusoma nyayo, kuwapanga watu kwenye mapito, kumwita mbwa na akakuelewa, ni elimu iliyo vichwani mwa wazee, nao wanatutoka mmoja mmoja.

Nafasi ya kwanza: kamera ya video ya mkononi yenye kuvuta mara 20

Hapa ninazungumzia zile ndogo za kushika kwa kiganja, zenye mkanda wa kupitisha mkono na kioo kinachofunguka ubavuni. Panasonic HC-V785, Sony FDR-AX43 na AX53, na Canon LEGRIA HF G70 zote zinavuta mara 20 kwa lenzi. Shikilia neno hilo: kwa lenzi. Kuvuta kwa dijitali ni kukata kipande cha picha na kukikuza, na ukikikuza sana kinavunjika. Ukiona boksi limeandikwa mara mia kadhaa au elfu, tafuta namba ndogo iliyo pembeni yake. Hiyo ndiyo ya kweli.

Kwa kamera ya kwanza, mimi nachagua V785. Haina 4K, inaishia Full HD, na kwa msakoni hilo halinisumbui. Ina kitu chenye thamani kubwa zaidi: kurekodi kabla ya kubonyeza. Ukiiwasha kazi hiyo, kamera inakuwa inahifadhi sekunde tatu za mwisho muda wote, na ukibonyeza kitufe, video inaanzia huko nyuma. Kichaka kikitikisika, ukashtuka, ukabonyeza kwa kuchelewa, yule nguruwe bado umempata akikatiza. Inakula betri, basi iwashe pale mbwa wanapoanza kulia, si tangu asubuhi. Canon G70 nayo inayo.

Sony AX43 na AX53 zinashinda kwa utulivu. Ndani yake lenzi na kihisi, kile kipande kinachopokea mwanga na kuugeuza picha, vinaelea pamoja, kwa hiyo mkono ukitetemeka picha haiyumbi sana hata ukiwa umevuta mpaka mwisho. Anayetembea muda mrefu kwenye mawe ya Muyuni au Makunduchi ataiona tofauti hiyo siku ya kwanza. AX53 ina pia kijicho cha kuchungulia, sawa na G70. Usikidharau. Jua la adhuhuri likipiga kwenye kioo cha pembeni huoni kitu, na kuweka jicho kwenye kijicho kunakufanya ushike kamera kwa uimara zaidi.

Tatizo la aina hii yote ni giza. Vihisi vyake ni vidogo, na kadiri unavyovuta ndivyo lenzi inavyopitisha mwanga mchache. Hizo za Sony zinaanza f/2.0 na kufika f/3.8; namba hiyo ikipanda, mwanga unaoingia unapungua. Chini ya miti mikubwa, jioni, picha inaingia chenga. Jambo jingine, kamera inapenda kushika kijiti kilicho mbele badala ya mnyama aliye nyuma yake. Jifunze kufunga fokasi mahali unapotaka kabla mbwa hawajaanza kusukuma.

Sasa kuhusu 4K, kwa sababu ndiyo inayouza. Kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, saa moja inakula takriban GB 45. Full HD ya megabiti 28 inakula karibu GB 13. Kadi ya kumbukumbu ya GB 64 haifikishi saa moja na nusu ya 4K, na baadaye faili hizo unatakiwa kuzihariri kwenye kompyuta uliyonayo na kuzirusha kwa bando unalolipa mwenyewe. Kama video itaangaliwa kwenye simu za watu wa kijijini, Full HD iliyotulia inatosha kabisa.

Nafasi ya pili: kamera ya kifuani

GoPro na DJI Osmo Action, kamera ndogo za kuvaa mwilini, zinafungwa kifuani au kichwani, mikono inabaki huru kwa mkuki au wavu. Hazijali vumbi wala mvua ya masika. GoPro nyingi zinazama mita 10 bila kasha, Osmo Action 4 mita 18. GoPro nyingi kuanzia HERO9 nazo zinaweza kurudi nyuma sekunde 15 au 30 kabla hujabonyeza. Lakini lenzi yake ni pana mno: nguruwe aliye hatua thelathini anakuwa nukta. Inafaa kuonyesha anachokiona msasi, pumzi zake na mbio zake. Inunue iwe ya pili, si badala ya ile ya kwanza. Na usiifunge kwa mbwa. Mikanda hunasa miibani.

Kwa wanaotoka na bamvua kuwinda pweza mwambani, hii inapanda kuwa ya kwanza bila mjadala. Isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi ukirudi tu, na kabla ya kuzama kagua mlango wa betri: punje moja ya mchanga kwenye mpira inatosha kuingiza maji.

Nafasi ya tatu: Panasonic Lumix FZ300

Ni kamera ya picha inayorekodi video, ya tangu 2015, na bado naiheshimu. Inavuta mara 24, inabaki f/2.8 mwanzo hadi mwisho, inahimili vumbi na matone, na ina tundu la maikrofoni. Msituni Ngezi, palipo na kivuli, hiyo f/2.8 inaonekana. Tatizo lake ni kwamba kamera nyingi za picha hukata video karibu na dakika 30, na mazungumzo ya mzee yakikatwa katikati hayarudi yalivyokuwa.

Simu inashika nafasi ya nne. Inatosha kwa mikusanyiko ya asubuhi na mazungumzo, haitoshi kwa mnyama aliye mbali. Kamera kubwa za kubadilisha lenzi ni za tano: picha yake nzuri kuliko zote hizi, lakini lenzi ndefu ni mzigo na ghali. Droni sikuiweka kwenye orodha, inahitaji kibali.

Sauti isikupite

Kusi likivuma, maikrofoni ya ndani inarekodi upepo tu. Nunua maikrofoni ndogo ya nje yenye manyoya, na kabla ya hapo hakikisha kamera ina tundu lake. Penye bunduki, weka kiwango cha sauti kwa mkono: kikiwa cha kujirekebisha, mlio mmoja unakishusha ghafla na maneno yanayofuata yanamezwa. Mwenye kamera asimame nyuma ya mpigaji, tena aonekane.

Zima pia kazi ya kuandika mahali ulipo (GPS) kabla ya kurekodi. Paa nunga ni adimu na analindwa, na ramani iliyofichwa ndani ya faili inaweza kumwelekeza jangili hadi anapolala.

Dukani

Darajani na Mlandege utakuta mpya za kutoka Dubai na zilizotumika za kutoka Japani. Sony zilizotengenezewa soko la Japani mara nyingi zina menyu ya Kijapani peke yake, na huwezi kuibadilisha. Kamera za Japani na Marekani pia hurekodi kwa picha 30 au 60 kwa sekunde, wakati umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo chini ya taa za ndani picha inaweza kupepesa. Tafuta yenye 25 au 50. Fungua menyu mbele ya muuzaji, vuta hadi mwisho kuelekea bango la mbali, rekodi dakika mbili mlangoni penye kelele, kisha usikilize kwa spika za masikioni. Kadi chukua yenye alama ya V30, inayoonyesha kasi ya kuandika video, na ukifika nyumbani ijaze yote kwa H2testw, programu ya kompyuta ya kupima kadi, kabla ya kuiamini, maana kadi bandia huonyesha GB 128 na kushika sehemu ndogo tu. Anayenunua Unguja kisha akavuka kwenda Wete au Chake aifanye kazi hiyo kabla ya kupanda boti, risiti ikiwa bado mkononi.