265/70R17 kwenye Hilux iliyoinuliwa inchi mbili: tathmini baada ya masika

Nianze na jibu kwa wasio na muda. Kama Hilux yako ilikuja na 265/65R17, umeiinua inchi mbili kwa springi na shokapu, na gari ni la kazi, funga 265/70R17 kwenye rimu zako zilezile za kiwandani. Usikate kitu. Hela itakayobaki nunua tairi la tano. Kwa wenye muda nitaeleza sababu, maana najua wengi mmeshaona picha za tairi pana za 285 mtandaoni na moyo umeshahama.

Gari langu ni la milango minne, injini ya 2GD lita 2.4, gia ya mkono. Nasambaza dawa za mifugo na chanjo Simanjiro: natoka Arusha, napita Oljoro, Terrat, Sukuro, hadi Orkesumet, na nyuma kuna majokofu ya chanjo, katoni za dawa za kuogeshea, na kwa kawaida mama mmoja au wawili waliosimamisha gari njiani wakiwa na mizigo yao. Kiangazi ni vumbi, mawe na miiba ya migunga inayotoboa tairi ubavuni, mahali ambapo fundi pancha hana cha kukusaidia. Masika ni ule udongo mweusi wa mbugani, unaoganda kwenye gurudumu mpaka madigadi inajaa. Niliinua gari kwa sababu hiyo. Kwamba limependeza, hilo sikatai.

Kuna jambo wauzaji wa springi ndefu hawapendi kulisema: springi haziinui difu ya nyuma, lile boksi la gia katikati ya ekseli. Zinainua chasi na bodi. Ekseli ya nyuma inabaki palepale ilipokuwa, kwa sababu imebebwa na matairi. Ukiwa kwenye njia iliyochimbwa na malori, ule mgongo wa katikati unakutana na difu kwanza, na kitu pekee kinachoiongezea difu nafasi ni tairi refu zaidi. Tena tairi linakupa nusu tu ya kipenyo kilichoongezeka, kwa kuwa nusu nyingine inaenda juu ya ekseli.

Hesabu yake haina uchawi. Kwenye 265/65R17, ile 265 ni upana kwa milimita, 65 ni asilimia ya upana huo inayofanya kimo cha ubavu, na 17 ni rimu kwa inchi. Ukikokotoa unapata kipenyo cha milimita 776. 265/70R17 inatoa 803. 285/70R17 inatoa 831. Maana yake 265/70 inainua difu milimita 13, na 285/70 inainua 27. Kati ya hizo mbili kuna milimita 14, unene wa kidole changu cha mwisho. Sasa tuangalie kidole hicho kinagharimu nini.

Nilifungia matairi kwenye duka moja la Njiro. Jina siliweki hapa, sijamwomba mwenyewe ruhusa. Fundi wao ni mtu mzima, mpole, ananiita Mama Chanjo. Nilipofika nilikuwa na shemeji yangu, ambaye Hilux yake ina 285 na rimu pana, na njia nzima alikuwa ananisomea somo: "Shemeji, ukishafunga 265 utajuta, gari litaonekana limevaa kandambili." Fundi hakubishana naye. Alitoa gurudumu la mbele kushoto, akafunga rimu ya kiwandani yenye 285 kuukuu ambayo wanaiweka kwa ajili ya kazi hiyohiyo, akachukua chaki nyeupe akapaka mabega ya tairi pande zote mbili. Akaniambia, "Mama Chanjo, ingia, kata stelingi mpaka mwisho, rudi nyuma polepole." Nikarudi. Kisha nikakata upande wa pili, nikarudi tena.

Niliposhuka akaniinamisha kuangalia. Kwenye plastiki ya ndani ya madigadi, nyuma ya gurudumu, karibu na pale bodi inapofungwa kwenye chasi, kulikuwa na mstari wa chaki kama urefu wa kiganja. Ile raba ya kuzuia tope nayo ilikuwa nyeupe. "Hapa umesimama sakafuni, gari tupu," akasema. "Ukiwa na mzigo ukaangukia shimo huku umekata kona, inamaliza plastiki, halafu inakutana na chuma." Akarudia na 265/70. Chaki ilibaki kwenye tairi.

Hiyo dakika kumi ya chaki ndiyo huduma bora niliyopata kwenye gari hili, na hawakunitoza. Fundi akisema "itaingia tu" bila kukuonyesha, mwombe chaki.

Kuna anayeweza kuifunga 285 vizuri, nisiwe mwongo. Alaimenti ikifanywa na mtu anayejua, gurudumu linaweza kusogezwa mbele kidogo kwa zile bolti za mkono wa chini, likapata nafasi upande wa nyuma. Plastiki inaweza kupashwa moto ikasukumwa. Kishikio cha bodi kinaweza kukatwa na kuchomelewa upya. Ukiinua zaidi ya inchi mbili utaongezewa na mikono ya juu mipya, kwa sababu ile ya kiwandani haifiki pembe inayotakiwa. Kazi hizo zinafanyika Arusha kila siku kwa magari ya watalii. Mimi nauza chanjo.

Shemeji shida yake kubwa hata si 285. Ni rimu. Alinunua za inchi 9 zenye ofseti ya -12, wakati za kiwandani ni inchi 7.5 zenye ofseti ya +30. Ofseti ni umbali kati ya katikati ya upana wa rimu na pale inapokalia habu: namba ya kujumlisha inaingiza gurudumu ndani, ya kutoa inalitoa nje. Ukipiga hesabu, ukingo wa nje wa rimu yake umetoka milimita 61 zaidi ya wa kiwandani, kila upande. Ndiyo maana tope linaruka mpaka kwenye vioo vya milango. Ndiyo maana stelingi inamnyang'anya mikono akipita rasta. Beringi za mbele ameshabadilisha, na ukimuuliza atasema ni barabara. Tairi lililotoka nje vile, likikatwa kona, linachora duara kubwa zaidi, kwa hiyo linagusa hata mahali ambapo lingepita salama kwenye rimu ya kawaida.

Wanaotaka kununua rimu za mtumba waangalie jambo lingine. Hilux ina matundu sita kwenye duara la milimita 139.7, na Ford Ranger nayo ni hivyohivyo, kwa hiyo utaambiwa zinaingiliana. Tundu la katikati la Hilux ni milimita 106.1, la Ranger ni 93.1. Rimu ya Ranger haitakaa kwenye habu ya Hilux labda ichongwe. Ya Hilux kwenye Ranger itaingia, lakini italegea katikati na kutegemea nati peke yake, na hapo usishangae gari likitetemeka ukifika 80.

Kuhusu upana, watu wa Simanjiro wanajua siri ambayo wa mjini wameisahau. Angalieni Land Cruiser mkonga za miradi na za serikali: nyingi bado zinatembelea 7.50R16, tairi jembamba lenye kimo kinachokaribiana na 265/70R17 yangu. Kwenye udongo mweusi wenye ngumu yake chini, jembamba linakata linafika chini. Pana linaelea kidogo, linajaa tope kwenye kashata (meno ya tairi), halafu linateleza tu. Kwenye mchanga mambo yanageuka, pana linashinda, lakini mchanga mimi nakutana nao kwenye makorongo tu. Kwa hiyo kuongeza kimo bila kuongeza upana kulinifaa sana: 265 imebaki 265.

Masika haya nimekwama, msije mkadhani nimenunua helikopta. Nilikwama karibu na Sukuro, magurudumu yote yakiwa yamegeuka mabumunda. Tofauti ni kwamba safari hii nilishusha upepo hadi 22, nikaweka gia ya chini ya magurudumu manne, likatoka lenyewe. Difu ilikuwa imechora mfereji juu ya tope bila kukaa.

Sasa mabaya yake. Nilichukua aina ya LT, yaani za magari ya mizigo mepesi, zenye ubavu mnene kwa ajili ya miiba, na zangu zimeandikwa 121, yaani kila moja inabeba hadi kilo 1,450 ikiwa na upepo wake kamili, wakati za mwanzo zilikuwa 112, kilo 1,120. Uimara huo una uzito. Tulipima kwenye mizani ya mazao, gurudumu jipya likazidi la zamani kwa kama kilo sita. Unausikia ukiondoka kwenye taa, unausikia ukifunga breki, na mafuta yamepanda, si ya kulia ila yamepanda. Kwenye lami zinaunguruma kuanzia 70. Gari likiwa tupu zinarusha. Na kilima ambacho zamani nilikimaliza na gia ya tano, sasa naomba ya nne.

Spidomita imebadilika, na hapa nilipata faida nisiyoitarajia. Tairi limekua kwa asilimia 3.4, na spidomita za kiwandani kwa kawaida husoma juu kidogo ya mwendo halisi. Dashibodi ikionyesha 100, GPS ya simu inaonyesha 100 au 99. Zamani ilikuwa 96. Kwa 285 ongezeko ni asilimia 7: unaona 100, unakwenda karibu 103 au 104. Kwenye vibao vya 50 vya barabara ya Babati, penye tochi, hiyo ni habari ya elfu 30.

Dukani kulikuwa na kasoro mbili. Walijaza upepo 50 kwenye matairi yote manne wakaniruhusu niondoke, gari likaruka mpaka Oljoro kama mbuzi. LT zinahitaji upepo kuzidi ule wa kibandiko cha mlangoni, lakini si kiasi hicho: mimi natembea na 36 mbele, nyuma 36 tupu na 44 nikiwa na mzigo. Pili, kijana wa mauzo alinitolea kwanza matairi ambayo tarehe yake ilikuwa imepitwa. Soma zile tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Nilipomwonyesha alileta mengine bila maneno. Mengine yote yalikwenda sawa: kubalansi, alaimenti yenye karatasi ya vipimo kabla na baada, nati kukazwa kwa spana ya kipimo, na risiti ya EFD nilipewa bila kuomba. Waliniambia nirudi kukaza nati baada ya kilomita mia, nikarudi, wakakaza bure.

Tairi la tano si anasa. Spea ya saizi ya zamani ukiifunga nyuma, kipenyo kinapishana na mwenzake, na ukiweka magurudumu manne kwenye ardhi ngumu unaisulubu giaboksi ndogo. Kabla hujalipa, mwambie fundi aijaribu spea mpya kwenye nafasi yake chini ya bodi. Ya 265/70 iliingia kwangu ikibana kidogo upande wa bampa.

Ukienda kupimiwa, nenda asubuhi kabla foleni ya gari za watalii haijaanza, na uende na mzigo wako wa kawaida nyuma, maana kipimo cha chaki kwa gari tupu kinakupa nusu ya jibu. Jumapili hawafungui.