Usiku mbili katika nyumba ya Daraja la II, Lavenham: uzoefu wangu

Nianze na kichwa changu. Siku ya kwanza nilikigonga kwenye boriti ya mlango wa jikoni mara tatu, siku ya pili mara moja, kwa hiyo naweza kusema nilikuwa najifunza. Na mimi si mrefu. Mlango ndio mfupi, na kwa kuwa nyumba ni ya kihistoria na inalindwa (ndiyo maana ya Daraja la II), kisheria mwenye nyumba hawezi kuupandisha hata inchi moja bila kibali.

Tulikuwa watatu: mimi, mke wangu, na mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Ilikuwa Februari, kosa la kwanza hilo, na ni langu. Lavenham ni mji mdogo katika kaunti ya Suffolk, mashariki ya England. Ukitoka London unapanda treni Liverpool Street, unabadilisha Marks Tey, unashukia Sudbury, halafu unamalizia kwa basi. Lavenham yenyewe ilikuwa na stesheni zamani, sasa haina. Kama unarudi Jumapili, angalia ratiba ya basi kabla hujalipia chochote.

Kilichotupeleka ni nyumba zenyewe. Mji mdogo hivyo una majengo zaidi ya 300 yanayolindwa na sheria, mengi yake ya mbao za mwaloni, ghorofa ya juu imejitokeza mbele ya ile ya chini, na hakuna hata moja lililosimama wima. Yameegemeana kama walevi wanaosindikizana nyumbani. Rangi ni nyeupe, manjano ya embe, na ule waridi wanaouita waridi wa Suffolk. Hata nyaya za umeme zimefukiwa chini, kwa hiyo ukipiga picha barabarani usipojumuisha magari unaweza kudanganya kuwa ni miaka 500 iliyopita.

Utajiri huo ulitoka kwenye sufu. Walifuma kitambaa kizito cha buluu kikauzwa hadi ng'ambo, na miaka ya 1520 Lavenham ilikuwa miongoni mwa miji iliyolipa kodi kubwa kabisa England. Mnara wa kanisa lao, futi 141, ni pesa za sufu hizo. Mfanyabiashara Thomas Spring, aliyefariki 1523, ni mmoja wa waliouchangia. Kisha wakimbizi wa Kiholanzi wakaanza kufuma kitambaa chepesi na cha bei nafuu huko Colchester, soko likahama, Lavenham ikafilisika. Hakuna aliyebaki na uwezo wa kubomoa na kujenga upya kwa matofali ya kisasa ya wakati huo. Umaskini ndio ulikuwa mlinzi wa kwanza wa nyumba hizi. Sheria imekuja juzijuzi tu, baada ya Vita Kuu ya Pili.

Sasa nyumba yetu. Vyumba viwili juu, sebule na jiko chini, na meko ya kuni ambayo mtu anaweza kuingia na kiti chake. Sakafu ya juu imelala upande mmoja kiasi kwamba chungwa lililodondoka mezani lilibingirika lenyewe hadi ukutani. Ngazi ni mwinuko kama ya kupandia darini, na kamba ndiyo ya kushikia. Tangazo halikusema lolote kuhusu ngazi. Mama ana miaka 68 na goti bovu. Usiku wa kwanza alilala kwenye kochi sebuleni, na aliposema "Msijali wanangu, hapa pananitosha," niliona aibu.

Lakini baridi ndiyo iliyotutesa. Madirisha ni ya kioo kimoja, vipande vidogovidogo vimeunganishwa kwa madini ya risasi, na upepo unapita kila kiungo. Hita ya chumba kimoja haikuwaka kabisa. Nilimpigia mwenye nyumba. Akaniambia kwa upole, "Samahani, nyumba inalindwa, hatuwezi kubadilisha kitu." Nikauliza kuhusu bomba la bafuni linalovuja. Jibu lilelile. Nikauliza kuhusu taa ya ngazi. Ndugu msomaji, lilelile.

Basi jioni ile, nimejifunga blanketi, nikafungua orodha ya taifa ya majengo yanayolindwa, inayosimamiwa na Historic England, taasisi ya umma inayoshughulikia urithi wa kihistoria. Ni bure, haihitaji kujisajili, na ina maingizo takribani 400,000. Unaandika mahali ulipo, au unakuza ramani mpaka uone paa unalolilia. Nyumba yetu ilikuwemo: Daraja la II. Juu yake kuna Daraja la II lenye nyota, na juu kabisa Daraja la I, ambalo ni kama majengo 2.5 tu katika kila 100. Zaidi ya tisa katika kila kumi ni kama yetu, nyumba za watu, zinazofuliwa nguo na kukaangwa mayai. Maelezo yake yalikuwa mistari michache mikavu: mbao, chokaa, ghorofa mbili, vigae. Wengi hudhani ufupi huo maana yake ni kwamba uso wa mbele tu ndio unaolindwa. Sivyo. Ni jengo zima, ndani na nje, pamoja na vilivyoshikamana nalo. Ukibadilisha bila kibali cha halmashauri unaweza kushtakiwa, na kifungo kinafika miaka miwili.

Lakini hapohapo ndipo nilipomkamata mwenyeji wetu. Sheria haisemi usiguse. Inasema omba kwanza, kama unachofanya kitabadilisha tabia ya jengo. Kukarabati kilichoharibika kwa kitu cha aina ileile kwa kawaida hakuhitaji kibali. Kioo cha pili kinachowekwa kwa ndani, dirisha la zamani likabaki mahali pake, mara nyingi hukubaliwa. Na washa wa bomba, kile kipete cha kuzuia maji, jamani! Hakuna ofisi England inayolinda washa wa bomba uliochakaa. Nilimwandikia hivyo kwa adabu. Kesho yake asubuhi ikaletwa hita ya umeme ya magurudumu na mapazia mazito mawili, na taa ya ngazi ikawaka. Bomba liliendelea kuvuja.

Kitu kilichonirudishia furaha kiko kwenye korido ya chini. Mafundi waliacha kipande cha ukuta wazi, kama ukubwa wa sinia, wakakifunika kwa kioo. Ndani unaona fito zimesimama, nyingine zimepitishwa katikati, na juu yake udongo uliochanganywa na majani makavu, unaona hadi alama za vidole vya aliyeushindilia. Mama alisimama pale muda mrefu. Mwisho akaniita: "Baba, njoo. Kumbe na hawa walikuwa wanakandika?" Walikuwa wanakandika, mama, na kinyesi cha ng'ombe wakatia, kisha chokaa juu. Akauliza wanapiga saruji siku hizi? Nikamwambia wanaokata kiu ya haraka hupiga, halafu unyevu unakosa pa kutokea na mbao zinaoza ndani kwa ndani. "Hilo hata Pangani wanalijua," akasema, akaenda kuchemsha chai.

Mchana tulitembelea Guildhall, jengo la Daraja la I lililojengwa na chama cha kidini cha Corpus Christi mnamo 1529 hivi, sasa liko chini ya National Trust, shirika la hisani linalotunza majengo ya kihistoria. Limekuwa jela, limekuwa nyumba ya maskini. Uani wameotesha mimea iliyokuwa ikitoa rangi za vitambaa, ingawa Februari hakuna cha kuona. Ndani kuna paka aliyekauka, aliyekutwa darini. Watu wa zamani waliwaweka kwenye nyumba kufukuza mabaya. Maelezo ya pale yalizunguka sana. Sisi tulihitaji neno moja tu, zindiko, na mama alilisema kabla sijamaliza kumtafsiria.

Maksi zangu: mji, nyota tano. Orodha, nyota tano, ila ingefaa maelezo ya zamani yaongezewe nyama na picha. Nyumba tuliyolipia pauni 290, nyota tatu, na moja kati ya hizo ni ya ule ukuta. Ukienda, nenda Mei, omba picha ya ngazi kabla ya kulipa, na ukiambiwa "inalindwa" uliza kinacholindwa hasa ni nini.

Mama alipiga picha moja tu safari nzima, ya zile fito nyuma ya kioo, akamtumia kaka yake ambaye ni mwashi. Jibu liliingia tukiwa kwenye basi la Sudbury: "Yaani mmelipa shilingi ngapi kulala nyumba ya udongo?"